ULIZA FUNDI: Mota inageuka upande mmoja tu, mosfeti zinaungua

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ujiji, Kigoma, nimetengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga, fremu ya chuma, trei zinageuzwa na mota ya waipa ya gari niliyonunua kwa mafundi Mwanga. Betri ni ya sola volti 12, negativu nimeifunga kwenye fremu. Nimepanga mosfeti (swichi za kielektroniki) nne IRFZ44N kwa umbo la H ili mota igeuke pande zote mbili, geti (mguu wa kuwashia) zote nimepeleka moja kwa moja kwenye pini za Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta inayoongoza. Kulia mota inazunguka kizembe trei inakwama njiani, mosfeti ya juu inachemka haishikiki, nikigeuza kushoto fyuzi inakata hapohapo. Nimeshaunguza sita, au nauziwa feki? Mayai leo yana siku ya nne.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tuanze na mayai kwanza maana hayo hayasubiri: geuza trei kwa mkono mara tatu au tano kwa siku, isiwe mara nne, ili upande yanaolalia usiku wa leo usiwe ule wa jana. Siku ya 18 unaacha kugeuza kabisa.

Mosfeti zako sidhani kama ni feki, unavyoeleza hata mpya za uhakika zingeungua. IRFZ44N haihesabu volti za geti kuanzia negativu ya betri, inahesabu geti imeipita sosi yake (mguu mwingine wa mosfeti, wa tatu unaitwa dreni) kwa kiasi gani. Zile mbili za chini sosi imekaa kwenye negativu kwahiyo volti 5 za Arduino inazisikia, japo ingependa 10 ndo ifunguke vizuri. Za juu sosi imeungana na mota, sasa mota ikianza kupata umeme na sosi inapanda nayo, ikifika kama volti 2 geti yenye 5 inakuwa imeipita kwa 3 tu na hapo mosfeti inabaki nusu wazi nusu imefunga. Chukua multimita upime, mota utaikuta na volti 2 hivi na zilizobaki karibu 10 zimekaa kwenye mosfeti. Mota ikivuta ampea 2 tu, hizo ni wati 20 za joto kwenye kitu cha ukubwa wa ukucha wa dole gumba, bila hitisinki (chuma cha kupoozea) lazima kife.

Dawa yake za juu weka mosfeti za aina P, zinazowaka geti ikivutwa chini ya sosi, IRF4905 inatosha kabisa. Sosi inakaa kwenye pozitivu ya betri, dreni inaenda kwa mota, rezista ya kilo-omu 1 kutoka geti mpaka pozitivu ili ikae imefunga, halafu transista ndogo BC547 ndo inaivuta geti chini pale Arduino inapotaka, na kwenye besi yake (mguu wake wa kuwashia) weka kilo-omu 1 nyingine. Za chini badilisha uweke IRLZ44N, hiyo volti 5 inaitosha. Kila geti ya chini ipe rezista ya kilo-omu 10 kwenda negativu, maana Arduino ikiwa ndo inaamka pini zake zinaelea na mosfeti inaweza kujifungulia yenyewe.

Sasa fyuzi. Mota nyingi za waipa waya mmoja umeungana na bodi yake ya chuma, na wewe bodi umeibana kwenye fremu ambayo ni negativu. Kulia hainaga shida, ila ukigeuza kushoto pozitivu inaingia kwenye bodi, inapita fremu na kurudi betri bila hata kupita kwenye mota. Pima kati ya bodi na waya wa mota, multimita ikilia basi ni hiyo: toa negativu kwenye fremu, au ibane mota kwa mpira na bushi za plastiki, hakikisha na shafti nayo haigusi chuma cha trei. Na kwenye programu kila unapogeuza zima zote nne, subiri nusu sekunde, ndo uwashe pea nyingine. Ya juu na ya chini za upande mmoja zikiwaka pamoja hata sekunde moja haifiki zimeshaondoka zote.

SWALI: Fundi mimi niko Tabora mjini, nataka mpango huohuo kwa geti la nyumba, mota volti 24. Nitumie mosfeti zilezile?

JIBU: Zilezile sawa, ila geti ya IRF4905 haivumilii zaidi ya volti 20 na sosi yake, ukiivuta hadi negativu kwenye betri za 24 umeitoboa. Weka rezista ya kilo-omu 1 kati ya transista na geti, ikisaidiana na ile ya kwenda pozitivu geti itapata nusu, kama volti 12. Na rezista hizo chukua za nusu wati, za robo zitachemka.