Re: Mjamzito akisema havuti fegi, tuamini?

Umeuliza kama wamama wajawazito wa Runda, mtaa wa matajiri Nairobi, wanasema ukweli kuliko wa Mathare, mtaa wa mabanda, wakiulizwa kliniki kama wanavuta. Mimi naona swali lenyewe limekaa vibaya, kwa sababu huku kwetu mwanamke anayevuta anaonekana ameharibika, sasa aje akiri mbele ya nesi anayejua mamake, na foleni yote inasikia? Atasema hapana, awe wa wapi.

Ndio maana wenzetu wanapima cotinine, hii ni kitu inabaki mwilini nikotini ikishavunjwa, inaonekana kwa damu, mkojo ama mate. Kuna utafiti wa magharibi mwa Uskoti ulitoka 2009, wamama waliokiri kuvuta walikuwa 24%, damu ikasema ni kama 30%. Yaani karibu mmoja kwa kila wavutaji watano alikataa, na hiyo ni nchi ambayo fegi haina aibu kama huku. Lakini pia usidhani kipimo ni malaika, mwili wa mjamzito unasafisha cotinine haraka, nusu inaisha kwa masaa kama tisa hivi, kwa hivyo mwenye alivuta moja jana asubuhi anaweza kupita tu.

Na bado kuna ugoro! Ukimuuliza shosh ama dada anayenusa “unavuta sigara?” atasema hapana na hajadanganya hata kidogo, ni fomu yako ndio haikuuliza. Alafu unaandika ati mtaa wake hauna shida ya tumbaku, ai.