Divai ya kilimo hai uile na nini?

Ndugu yangu, umeuliza kama divai ya kilimo hai inahitaji chakula chake maalumu, na kama mashapo uliyoyakuta chini ya chupa ni dalili ya kuharibika. Mashapo hayana madhara. Baadhi ya watengenezaji hawachuji divai yao sana. Simamisha chupa saa chache, kisha mimina taratibu mpaka uone wingu la mashapo linakaribia shingo, hapo acha.

Kilimo hai maana yake zabibu zimekuzwa bila viuatilifu vya kutengenezwa viwandani. Salfaiti, yaani kemikali za salfa zinazozuia divai isiharibike, haziondoki zote: Umoja wa Ulaya, tangu mavuno ya 2012, unaruhusu hadi miligramu 100 kwa lita katika divai nyekundu kavu (isiyo tamu) yenye nembo ya kilimo hai, wakati ile ya kawaida inaruhusiwa 150. Ikiwa chupa yako ina salfaiti kidogo, irudishe kwenye friji ukishaifungua na uimalize ndani ya siku mbili hivi.

Kuhusu chakula, usiangalie nembo, angalia ladha. Nyekundu yenye tanini kali, ile inayokausha ulimi, ipe nyama yenye mafuta. Nyeupe yenye ladha ya uchachu inapendana na samaki na vya kukaanga. Kosa ninaloliona sana ni pilipili kali pamoja na divai yenye kilevi kingi: mdomo unawaka maradufu! Hapo chagua nyeupe yenye utamu kidogo, baridi. Onja divai, tafuna tonge, kisha onja tena. Ladha ya pili ndiyo ya kuamulia.