Maswali na majibu: IP ya laini yako

Akaunti yangu ya barua pepe imeleta onyo kuwa kuna mtu ameingia akiwa Dar es Salaam. Mimi niko Kasulu, sijasafiri. Nimedukuliwa? – Msomaji, Kasulu

Tazama saa na aina ya simu iliyotajwa kwenye onyo. Kama ni simu yako, na ni saa uliyoingia wewe, tulia. Mnara wa Kasulu haugawi IP, ile namba inayoitambulisha simu yako intaneti na ambayo tovuti huitumia kukisia ulipo. Inagawiwa na lango la kampuni ya simu, na malango hayo ni machache, aghalabu yako miji mikubwa. Tovuti inaliona lango, wewe haikuoni. Simu ikiwa si yako, badili nywila sasa hivi.

Nimemfungia mteja kamera dukani kwa ruta ya laini. Poti 8000 nimeifungua, lakini akiwa nje ya duka haoni kitu. – Fundi, Ujiji

Usihangaike kwanza na poti, yaani milango ya data yenye namba. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, soma IP iliyopewa na mtandao. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanzia na 10, hapo ndipo penye tatizo: hiyo ni IP ya ndani ya kampuni, na kutoka nje haifikiki hata ufungue poti zote.

Chanzo ni uhaba. IPv4, mfumo wa siku nyingi wa namba za IP, ina anwani kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba kuu iliisha Februari 2011. Kwa hiyo wateja wengi wanarundikwa kwenye IP moja ya nje, wakitofautishwa kwa poti. IP moja ina poti 65,536; ukimpa kila mteja 2,000, wanatosha thelathini na kitu. Ndiyo maana tovuti nyingine inakuzuia kwa fujo za mtu usiyemjua.

Omba kampuni IP ya kudumu ya nje, wanaiuza kwa wateja wa biashara. Ikishindikana, nunua kamera inayojiunga yenyewe na seva ya mtengenezaji, au tumia VPN, njia ya siri ndani ya intaneti inayoiunganisha simu ya mteja na duka. Mimi ningechagua VPN: kamera iliyoachwa wazi intaneti hutafutwa na wahuni usiku na mchana.

Shikamoo. Hapa Manyovu simu inadaka mtandao wa Burundi, salio linaisha. IP yangu inakuwa ya Burundi? – Mama wa duka

Marahaba. Kwa kawaida hapana. Data yako inapita mtandao wa Burundi, inarudishwa kwenye lango la kampuni yako Tanzania, ndipo iende intaneti. Ndiyo maana inajikokota. Zima roaming ya data, kisha uchague mtandao mwenyewe kwenye mipangilio.

Faiba ikikatika, kwa nini ruta zisihamie njia nyingine papo hapo? – Mwanafunzi, Kigoma Mjini

Zinahama. OSPF, kanuni ambayo ruta za kampuni moja hutumia kuchagua njia, ikiachwa na mipangilio ya kawaida hutuma salamu kila sekunde 10, na jirani akinyamaza sekunde 40 anahesabiwa amekufa. Mitandao mikubwa huongeza BFD, kipimo cha haraka cha uhai wa njia, ambayo hugundua chini ya sekunde moja. Shida huja baadaye: mkoa mzima unahamia njia ya akiba iliyo nyembamba. BGP nayo, kanuni ya kuchagua njia kati ya kampuni na kampuni, haipimi foleni. Kampuni isipoiwekea vipaumbele vyake, hupenda njia inayopita mitandao michache. Njia ikijaa, bado itaiita bora.

Nikizima na kuwasha data napata IP mpya? – Msomaji, Kibirizi

Ya ndani, mara nyingi ndiyo. Ya nje huenda ikabaki ileile.