Jibu: Kipunji wa Majani na Barafu anadondoka kwa pigo moja

Habari mkuu. Umesema unatamani Pokémon ijayo (ule mchezo wa video wa viumbe wanaopigana) ilete viumbe wa kwetu, na umemchora kipunji, yule tumbili wa Mlima Rungwe, kwa aina mbili, Majani na Barafu, ila ukipiga hesabu pigo moja la Moto linammaliza.

Kagua kwanza jedwali la aina, linaloonyesha aina ipi inaumiza ipi. Moto unaumiza Majani mara mbili na Barafu mara mbili, ndiyo maana anaumia mara nne. Ukihamia Kawaida na Barafu, Mapigano nayo yatamtandika mara nne. Mweke Majani na Kawaida, kisha mpe uwezo wa Thick Fat, unaokata nusu ya nguvu ya Moto na Barafu. Hapo yote mawili yanamgusa kawaida tu, na yale manyoya marefu ya baridi ya Rungwe yanapata kazi. Bado atasumbuliwa na Mapigano, Sumu, Mdudu na Kupaa. Kwenye mchoro usisahau ushungi wa nywele uliosimama utosini, bila huo atakuwa tumbili yeyote tu.

Yule chura wako mwingine, wa maporomoko ya Kihansi, nampenda mno, ila futa ile hatua ya kiluwiluwi: huyu huzaa vyura kamili, na mkubwa hafiki sentimita 3. Maji na Majani inamfaa, Umeme hautamzidi. Uwezo mpe Rain Dish, unaorudisha 1/16 ya uhai kila zamu mvua ikinyesha, maana maisha yake ni rasharasha za maporomoko.