Kuruka kutoka paani na kumchoma adui: kanuni zinasemaje

Ndugu, umeuliza kama mhusika anayeruka kutoka paani na mkuki mkononi anaongeza madhara. Katika Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) toleo la tano, hapana. Kuwa juu tu hakukupi kitu. Toleo la 3.5 ndilo lililompa mpiganaji wa ana kwa ana +1 kwenye dadu ya kulenga akiwa amesimama juu zaidi ya adui.

Kinachohesabiwa ni kuanguka: anayeanguka anapata madhara ya dadu moja ya pande sita kwa kila futi 10, mwisho dadu 20, na aliyeumia anatua amelala chini. Akiwa amelala, mashambulizi yake yanadhoofika.

Mwaka 2020 ilitoka kanuni ya hiari ya kumwangukia mtu. Adui anarusha dadu ya wepesi ili akwepe. Asipofikisha 15, madhara ya kuanguka yanagawanywa sawa kati yenu, naye anaangushwa, isipokuwa akimzidi mrukaji kwa ngazi mbili za ukubwa au zaidi. Joka kubwa hutaliangusha hivyo.

Mimi nikichezesha, mrukaji anarusha kwanza dadu ya sarakasi, yaani wepesi wa kuruka na kutua, na lazima afikishe 15. Akifaulu, anatua kwa miguu na kushambulia kwa dadu mbili, anachukua iliyo kubwa. Maumivu ya kuanguka bado ni yake. Akishindwa, shambulio limepotea. Lakini usimwongezee madhara kwa kila futi, tafadhali: mwenye uwezo wa kuruka angani atafanya hivyo kila zamu, na wenzake mezani watabaki watazamaji.