Atoke na daraja lake, uzamili utamfuata

Mhariri,

Swali la wiki hii limetoka kwa mama mmoja wa Shela, hapa Lamu. Mwanawe yuko mwaka wa tatu Uingereza, anasomea uhandisi wa ujenzi kwenye kozi ya miaka minne inayompa mtu MEng moja kwa moja, yaani shahada ya kwanza na ya uzamili zikiwa zimeunganishwa katika cheti kimoja. Mwaka wa pili alipata wastani wa 61, na mwaka huu anaelekea 64. Mwalimu anayemsimamia amemwambia mwaka wa nne ni mzito na kwamba, kwa mwendo alio nao, huenda akaangukia 52. Usiku anafanya kazi ghalani ili asaidie karo. Akitoka mwisho wa mwaka huu na BEng, yaani shahada ya kwanza ya uhandisi peke yake, daraja la pili la juu (wastani wa kuanzia 60) analo. Akibaki, anaweza kurudi na uzamili wa daraja la pili la chini (wastani chini ya 60). Achague lipi?

Atoke na BEng. Nasema hivi nikiwa mhandisi wa ujenzi niliyesajiliwa, ninayefanya kazi hapa hapa Lamu, na ambaye nimewahi kukaa kwenye meza ya kuchambua maombi ya kazi.

Wazazi wengi hudhani faili la mtoto wao litasomwa. Mwanzoni halisomwi, linachujwa. Tangazo limeshasema linataka daraja la pili la juu kwenda mbele, na karani ana karatasi ya visanduku: shahada, daraja, usajili. Nakumbuka faili la kijana mmoja aliyekuwa na MEng ya daraja la pili la chini. Karani akatia alama ya mkasi kwenye kisanduku cha pili, faili likaenda rundo la kushoto. Kule nyuma kabisa palikuwa na muhtasari wa mradi wake wa mwaka wa nne, kuhusu ufuo unaoliwa na mawimbi, na michoro aliyoichora vizuri sana. Niliiona rundo likiwa limeshafungwa kamba na majina ya watakaoitwa yameshapelekwa. Iliniuma, maana ufuo unaoliwa ndio shida yetu sisi tunaokaa visiwani. Lakini utaratibu ulikuwa umefuatwa, hakuna aliyemdhulumu. Uingereza nako waajiri wengi wanaochukua wahitimu wapya huweka kizingiti hicho hicho cha 60, na mara nyingi mchujo huo hufanywa na kompyuta.

Ndiyo maana naliogopa daraja la chini kuliko ninavyoutamani uzamili. Daraja la shahada ya kwanza hulirudii. Ukishalipata, utaliandika kwenye kila fomu mpaka uzeeke. Uzamili unaweza kuusoma ukiwa na miaka 25 au 40, ukiwa na mshahara, ukiwa umeshajua unataka kubobea katika nini.

Najua mama ataniuliza: mbona husemwa kwamba MEng ndiyo njia ya kuwa mhandisi mwenye hadhi ya CEng (Chartered Engineer), hadhi ya juu ya mhandisi kule Uingereza? Ni kweli, MEng iliyoidhinishwa humtimizia mtu upande wote wa masomo kwa ajili ya hadhi hiyo inayosimamiwa na Engineering Council, baraza la wahandisi la huko. BEng iliyoidhinishwa humtimizia sehemu tu. Lakini sehemu inayobaki huweza kujazwa kwa MSc iliyoidhinishwa, yaani shahada ya uzamili inayosomwa peke yake, ambayo kule kwa kawaida ni mwaka mmoja. Hesabu miaka: mitatu na mmoja ni minne, ile ile. Tofauti ni kwamba huyu atakuwa na vyeti viwili, kila kimoja na matokeo yake, na cha kwanza kitakuwa na daraja zuri. Kwetu huku vyeti viwili ndivyo watu walivyovizoea. Mwenye MEng peke yake huulizwa sana, “Na shahada yako ya kwanza iko wapi?” Ataeleza mpaka achoke.

Tena hiyo MSc si lazima ailipie mwenyewe. Ufadhili wa Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya uzamili, kwa kawaida huwa wa watu wenye daraja la pili la juu au zaidi, na hutaka mtu awe na uzoefu wa kazi wa kama miaka miwili. Akimaliza, arudi nyumbani angalau miaka miwili. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao huanzia daraja hilo hilo, au la chini yake likiwa limeambatana na shahada ya uzamili inayohusika. Kijana wa Shela mwenye BEng ya 63 na miaka miwili ya jua la Lamu kichwani ana haki ya kujaza fomu hizo bila kuomba radhi popote.

Nimetaja 63, na hapa nataka mama na mwanawe wakae na kalamu. Mizani ya alama hutofautiana chuo hadi chuo na imeandikwa kwenye kanuni za kozi, kwa hiyo wachukue mizani ya chuo chao. Mimi nitapiga mfano. Tuseme BEng inahesabu mwaka wa pili kwa theluthi moja na wa tatu kwa theluthi mbili. Kwa 61 na 64, anapata 63. Tuseme MEng inahesabu mwaka wa pili kwa asilimia 20, wa tatu 40, na wa nne 40. Mwaka wa pili unampa 12.2, wa tatu 25.6, jumla 37.8. Akipata 52 mwaka wa nne, anaongeza 20.8 na kufikia 58.6. Ameanguka kwa alama moja na nukta nne. Ili abaki kwenye 60 anahitaji 55.5 mwaka wa nne.

Kwa hiyo kinachomtenganisha na daraja la juu si mlima. Ni alama tatu na nusu za mwaka mmoja. Mtu anaweza kuniambia basi abaki, ajitahidi. Ningekubali kama tatizo lingekuwa uvivu, au somo moja lililomkalia vibaya. Lakini barua yenyewe imesema anafanya kazi usiku. Mwanafunzi wa kigeni kule kwa kawaida haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula, na hata hizo 20 zinatosha kumtoa mtu kwenye maktaba. Mwaka wa nne una mradi mkubwa wa kikundi na karo nyingine kamili ya mwanafunzi wa kigeni. Mzigo unaongezeka pande zote mbili kwa pamoja. Mama, mimi sioni hizo alama zitatoka wapi ikiwa kijana atatoka zamu alfajiri na kuingia darasani saa tatu asubuhi.

Ikiwa kuna mjomba au ami anayeweza kuilipa karo ya mwaka wa nne ili ghala liachwe kabisa, hapo nitalegeza msimamo. Hata hivyo kijana akiulize chuo kwa maandishi: akianza mwaka wa nne na mambo yakaharibika, ataruhusiwa kutoka na BEng kwa alama za miaka ya mwanzo? Jibu likiwa ndiyo, ajaribu. Likiwa hapana, au likiwa la kuzungukazunguka, asiingie.

Sasa kuna jambo moja linalonipa wasiwasi katika ushauri wangu mwenyewe, na silifichi. Kwetu Kenya shahada ya uhandisi ni miaka mitano. BEng ya Uingereza, ukiitoa Uskoti ambako ni minne, ni mitatu. Sheria ya Wahandisi ya 2011 haimuulizi mtu alipata daraja gani. Inachotaka ni shahada ambayo Bodi ya Wahandisi wa Kenya inaitambua, kisha uzoefu wa angalau miaka mitatu ukiwa umesajiliwa kama mhandisi mhitimu, ndipo ufikie kuwa mhandisi kamili. Mwajiri anatazama daraja na Bodi inatazama shahada yenyewe. Kijana akirudi na karatasi ya daraja zuri ambayo Bodi inaitilia shaka kwa sababu ya miaka, atakaa nje ya mlango huku wenzake waliosoma vyuo vya hapa Kenya, Juja na Nairobi, wanasaini michoro.

Kwa hiyo kabla hajajaza fomu ya kuhama kutoka MEng kwenda BEng, aiandikie Bodi. Ataje jina la chuo na la kozi, aambatanishe orodha ya masomo na ushahidi kwamba BEng hiyo imeidhinishwa kule Uingereza, aulize kama itamsajilisha peke yake au mpaka iongezewe MSc. Aombe jibu la maandishi, si la simu. Wakimwambia inatosha, mjadala umekwisha. Wakimwambia aongeze MSc, bado nitamwambia atoke na BEng yake, aje afanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, aombe ufadhili, arudi kuisoma hiyo MSc akiwa hana zamu za usiku.

Na kazi ipo. Gati la kwanza la bandari yetu ya Lamu lilifunguliwa Mei 20, 2021. Sasa yapo matatu, kila moja la mita 400, na kina cha maji ni mita 17.5. Vitu vya namna hiyo vinataka watu wa kuvikagua miaka yote: zege linalolowa na kukauka kila maji yanapojaa na kupwa, chumvi inayopenya mpaka kwenye nondo, nondo inayovimba kwa kutu na kulipasua zege kutoka ndani. Hayo kijana anaweza kuanza kujifunza kwa mikono yake mwaka ujao, akiwa na kofia ngumu na daftari. MSc ya uhandisi wa pwani atakayoisoma baadaye ataiingia na maswali aliyoyaokota mwenyewe kwenye kuta za Manda na Mokowe, na nina hakika hatapata 52.

Barua kwa Bodi iende wiki hii, mama. Ya chuo iende siku hiyo hiyo, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha kozi aiulize humo humo.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu