Mita 1 ya mraba SI sentimita 100 za mraba, futa hiyo kabla hujakusanya

Mkuu, salamu baadaye, futa kwanza mstari wako wa mwisho.

Umeuliza: tanki la silinda lenye kipenyo cha mita 1.4 na kimo cha mita 2 linachukua lita ngapi; bati lake lote, pamoja na kitako na mfuniko, lina eneo gani; na kama f(x) = 3x² − 5, f(2x) ni nini. Umeanza vizuri. Kipenyo umekigawa kwa 2 (wengi huingiza 1.4 nzimanzima, jibu linavimba mara 4), ujazo ukapata 3.08. Halafu ukazidisha kwa 100 "kwa sababu mita 1 ni sentimita 100", ukaandika sentimita za ujazo 308.

308! Hiyo haifiki hata theluthi ya lita. Tanki linamzidi mtu kimo, maji yake yanaenea kikombeni. Labda ni tanki la sisimizi.

Chora mraba wa sentimita 1. Kata kila upande kwa milimita, upige mistari. Utahesabu vyumba 100 ndani, si 10. Panda juu tabaka 10 za vyumba hivyo, vinakuwa 1,000. Kwa mita na sentimita ni hivyohivyo: urefu unazidisha kwa 100, eneo kwa 10,000, ujazo kwa 1,000,000.

Wa kulaumiwa ni wale wanaochora ile ngazi ya kilomita mpaka milimita ubaoni, wanasema "ukishuka ngazi moja ongeza sifuri moja", wanafuta ubao. Ngazi ile ni ya urefu TU! Kwenye eneo kila hatua ni sifuri mbili, kwenye ujazo tatu. Sentensi moja hiyo wameibania kama siri ya ukoo, sisi tukakatwa alama. Hainiumi, naandika tu kwa herufi kubwa.

Sheria ni hii: GEUZA UREFU KWANZA, ndipo uingize kwenye fomula. Ukitaka lita, peleka kila kipimo kwenye desimita, ile inayodharauliwa na kila mtu, maana desimita 1 ya ujazo ndiyo lita 1. Mita 0.7 ni desimita 7, mita 2 ni desimita 20:

22/7 × 7 × 7 × 20 = 3,080

Lita 3,080, basi. Huna haja ya kugeuza chochote mwishoni. Huamini? Fanya kwa sentimita: 22/7 × 70 × 70 × 200 = 3,080,000, gawa kwa 1,000, unarudi palepale.

Bati: ubavu ni 2 × 22/7 × 0.7 × 2 = 8.8, kitako na mfuniko ni 2 × 22/7 × 0.49 = 3.08, jumla mita za mraba 11.88. Umeona mtego? 3.08 imejitokeza tena, kwa bahati tu kwamba kimo ni 2 na vipande vya duara ni 2. Ukiandika namba tupu bila kizio utachanganya ujazo na eneo. Kwa sentimita zinaachana mbali: ujazo 3,080,000, eneo la kitako na mfuniko 30,800.

Na hapo kwenye f(2x) umeandika 6x² − 10, yaani umeizidisha f nzima kwa 2. Ugonjwa uleule! Ile 2 inaingia pamoja na x, inapandishwa kipeo nayo: 3(2x)² = 12x², na −5 haiguswi. Jibu ni 12x² − 5. Eneo la mraba nalo ni funksheni, A(s) = s²; s ikizidishwa kwa 100, A inazidishwa kwa 10,000. Ndiyo maana nakwambia geuza kabla ya kuingiza. Sasa rudi kwenye tanki, anza upya na 7 na 20, kizio pembeni ya kila namba, kisha bandika hapa tuone.